Kisanduku cha Springi Tatu

Ngurumo ilipiga adhuhuri, katikati ya uchochoro wa mafundi redio, jua likiwa kali na mbingu haina hata wingu. Mama mmoja alitupa mfuko wake wa nyanya akatimua mbio. Mchuuzi wa soksi alijikuta chini ya meza yake bila kujua amefikaje. Kwenye kibanda cha pili kutoka kona, msichana aliyevaa bwelasuti ya bluu, mikono imekunjwa hadi viwikoni na penseli imechomekwa kwenye nywele, aliinua uso kutoka kwenye redio aliyokuwa ameifungua, akamtazama kijana aliyesimama mbele yake.

"Hicho ni nini?"

"Mwangwi," alisema kijana, amekumbatia kisanduku cha mbao kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Mwangwi wa nini? Wa vita?"

Kijana alieleza. Ndani ya kisanduku mlikuwa na springi tatu. Sauti ya gitaa ikipita humo hutoka kama imepigiwa pangoni. Alikuwa amekiunganisha kwenye amplifaya ya kibanda ili aonyeshe ubovu wake, ndipo mkokoteni wa mizigo ukakwangua mguu wa meza, springi zikagongana, na spika ikaufanya mgongano huo kuwa radi.

"Na ubovu wenyewe ni upi?"

"Springi moja imekatika."

"Yaani hiyo ni sauti ya mgonjwa? Kikipona kitatuua."

Mjomba wake, mwenye kibanda, alipaza sauti kutoka nyuma bila kugeuka. "Mwanangu, mtibie mgonjwa wake aende zake kabla soko halijahama."

Msichana alicheka. Kijana alimtazama akicheka akasahau kuulizia bei. Alikuwa mrefu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa uangalifu wa mtu asiye na mashati mengi, na vidole vya mkono wake wa kulia havikutulia. Vilicheza juu ya kifuniko cha kisanduku kwa kasi ambayo macho hayakuweza kuifuata.

"Una homa?" msichana aliuliza.

"Hapana. Ni mazoea. Ndiyo maana wananiita Cherehani."

Msichana alimtengenezea. Springi ya ukubwa ule haikupatikana uchochoro mzima, kwa hiyo akang'oa moja kwenye taipureta iliyokufa, akaichomelea mahali pake. Ilikuwa ndefu kidogo kuliko zile nyingine mbili. Kuanzia siku hiyo kisanduku kilikuwa na alama: gitaa liliponyamaza na springi mbili za kwanza zikatulia, ile ya tatu iliendelea peke yake, sauti nyembamba, *tiii*, kama tone linaloangukia ndani ya kopo. Cherehani aliipenda alama hiyo. Mwezi haukuisha kabla hajampenda na aliyeiweka, na msichana hakuhitaji hata muda huo wote.

Bendi yake ilikuwa ya watu watatu na iliitwa Povu. Cherehani alipiga gitaa, mdogo wake alipiga dramu, na mpiga besi wao alikuwa ameondoka kwenda kwenye bendi ya harusi kwa sababu, alisema, amechoka kuulizwa mwimbaji yuko wapi. Msichana wa redio, ambaye wote walimwita Fundi, alijifunza besi kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na kwa kuwa alikuwa na sikio. Walipiga roki ya mawimbi, ule muziki wa gitaa tupu uliozaliwa na vijana wa pwani za mbali waliokuwa wakiteleza baharini juu ya mbao. Hauna maneno. Una gitaa linalokimbia na mwangwi unaolikimbiza.

Mji wao haukuwa na bahari. Maji mengi kuliko yote waliyowahi kuyaona yalikuwa kwenye bwawa la idara ya maji, nalo lilizungushiwa ua na mbwa.

"Shemeji," mpiga dramu alimwambia Fundi siku ya kwanza, kabla hata hajawa shemeji yake, "besi si ngumu. Kazi yako ni kuwa sakafu ya bahari. Usitikisike."

"Umewahi kuiona hiyo sakafu?"

"Hapana. Ila nimeambiwa haitikisiki."

Kampuni moja tu ya muziki iliwahi kuwasikiliza hadi mwisho. Mkurugenzi wake alisema ni vizuri sana, sasa walete mtu wa kuimba, hata akiwa mbaya. Walimshukuru wakaondoka. Baada ya hapo walifanya kila kitu wenyewe. Walirekodi katika stoo ya Mjomba, Jumapili asubuhi soko likiwa limefungwa, wote watatu kwa mkupuo mmoja, na aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya bendi, na haikuwa na nyingine. Majalada ya santuri ya kwanza waliyachapa kwa mkono, rangi ya buluu iliwakaa kwenye kucha hadi mvua zikaisha. Ya pili ilipigwa na redio mbili, ikafika kwenye miji ambayo wao hawakuwahi kufika. Watu wachache waliwapenda, lakini hao wachache waliwapenda sana, na kwenye kila onyesho, kutoka kona ileile ya ukumbi, palitoka sauti ileile: "Mwimbaji yuko wapi?"

"Amechelewa basi!" mpiga dramu alijibu kila mara, na kila mara watu walicheka.

Uchumba wao haukuwa na sherehe. Uzi wa besi ulikatika kwenye onyesho, Fundi akauviringisha kwa koleo ukawa pete, akamvisha Cherehani kwenye kidole cha mkono wa kulia nyuma ya jukwaa.

"Mwanamume ndiye huvisha," alisema Cherehani.

"Mwanamume ana koleo?"

"Hana."

"Basi tulia, roho yangu, usije ukachomwa."

Walikubaliana kufunga ndoa santuri ya tatu ikitoka. Mambo yalianza kuharibika wakati wa santuri hiyo.

Barua ya tamasha ilikuwa imefika. Tamasha lilikuwa pwani, kubwa, jukwaa limejengwa juu ya mchanga. Povu wangeiona bahari hatimaye, na wangepiga mbele yake. Mpiga dramu aliisoma barua kwa sauti kwa kila mtu aliyekuwa tayari kusikiliza na kwa wengine ambao hawakuwa tayari. Cherehani peke yake hakufurahi. Alisema safari hii warekodi kwa njia nyingine: amepata mashine ya kurekodia ya utepe yenye njia nne, wao wapige dramu na besi kwanza, yeye ataongeza gitaa baadaye, peke yake.

"Na sheria?" Fundi aliuliza.

"Sheria tuliitunga sisi, mpenzi. Tunaweza kuipumzisha."

Alikuwa akitabasamu na mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni. Fundi aliona tabasamu. Mkono aliukumbuka baadaye.

Santuri iliporudi kutoka kiwandani, Fundi aliiweka kwenye kinanda cha santuri pale kibandani, akaketi juu ya kreti na kusikiliza. Lilikuwa gitaa bora kuliko yote aliyowahi kuyasikia kutoka kwake. Lilikuwa jepesi, la kasi, kila noti imekatwa kwa wembe. Kisha likanyamaza, akasubiri tone lianguke ndani ya kopo.

Halikuanguka. Palikuwa na mlio mfupi, wa juu, ukafa mapema kama wa kisanduku kidogo zaidi.

Alirudia. Alirudia tena. Alikuwa mtu wa kuamini vipimo, na masikio yake yalikuwa ndiyo kipimo chake. Kile hakikuwa kisanduku alichokitengeneza. Na kama si kisanduku cha Cherehani, basi gitaa limepigwa kwa vifaa vya mtu mwingine, mahali pengine, na mtu huyo na mahali hapo vimefichwa. Hoja ilisimama vizuri. Ilikuwa na kosa moja tu, nalo lilikuwa pale mwanzo, mahali ambapo fundi mwingine yeyote asingefika kwa sababu asingeujua mlio wa kile kisanduku.

Wiki hiyohiyo simu ya Cherehani iliita akiwa bafuni. Fundi akapokea.

"Halo?"

"Naomba kuongea na mwenye simu," ilisema sauti ya mwanamke, tulivu, isiyo na haraka.

"Anaoga. Nimpe ujumbe gani?"

"Mwambie Jumatano aje kama kawaida. Na safari hii asije na pete. Mara iliyopita ilinisumbua."

Simu ikakatika. Fundi aliiweka mezani polepole, uso wa simu ukitazama chini.

Cherehani alitoka, taulo mabegani, maji yakimchuruzika shingoni. Chumba chao kilikuwa na kitanda, meza moja, magitaa matatu na dirisha lililoelekea ukuta wa jirani.

"Kuna mwanamke amepiga. Anasema Jumatano uje bila pete, inamsumbua."

Alisimama. 

"Na santuri," Fundi aliendelea, bila kupandisha sauti, "haina kisanduku chetu. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko ulivyodhani nitaisikiliza. Ulirekodi kwake?"

Palikuwa na muda wa kutosha kwa mtu kusema hapana. Cherehani aliutumia kufunga vifungo vya shati, kimoja baada ya kingine, kwa vidole vilivyomtii vizuri kabisa.

"Ni kama unavyofikiri," alisema.

"Sema mwenyewe. Usinipe mimi kazi ya kufikiri."

"Nina mtu mwingine."

Fundi aliinamisha kichwa kama mtu aliyesomewa kipimo cha damu. Kisha akaomba pete. Akaivua mwenyewe kwenye kidole cha Cherehani, maana Cherehani hakuitoa, akaitia kwenye mfuko wa bwelasuti pamoja na koleo.

"Mama atauliza," alisema Cherehani.

"Mama yako mjibu wewe. Wangu namjua, ataninunulia kiti cha kukalia nyumbani kwake maisha yangu yote."

Hakulia hadi alipofika kibandani, na pale hakukuwa na nafasi ya kulia, kwa hiyo akatengeneza redio.

Santuri ya tatu haikuuzika, kwa kuwa bendi haikupanda jukwaani kuiuza. Mpiga dramu alileta makasha ya nakala zake kibandani akayapanga chini ya meza ambayo mguu wake mmoja ulikuwa haujapona tangu siku ya mkokoteni. Meza ikakaa sawa.

"Angalau zimefaa kitu," alisema.

"Umeandika barua ya kujitoa kwenye tamasha?"

"Nitaandika."

"Ulisema hivyo mwezi jana, shemeji."

"Na bado nasema. Sijabadilika. Aliyebadilika unamjua." Alikuna kidevu. "Anakaa kwangu. Hatoki. Mimi huyo mwanamke wake sijamwona hata unywele. Kama yupo, ni mvumilivu kuliko mitume."

Mjomba, aliyekuwa akihesabu balbu, alikohoa.

Siku moja mstaafu mmoja alileta kinanda cha santuri. Kinazunguka kivivu, alisema, watu wote humo wanaimba kama walevi. Fundi aliona mara moja kwamba ni mkanda umelegea. Ili kupima, alihitaji santuri, na iliyokuwa karibu ilikuwa chini ya goti lake, ndani ya kasha. Alisita, akaitoa, akaiweka.

Sahani ilizunguka kwa uzito. Besi yake mwenyewe ilitoka ikinguruma kama ng'ombe mgonjwa, dramu ziliburuta miguu. Akanyoosha mkono kukizima. Ndipo gitaa likafika mwisho wa mstari wa kwanza, likanyamaza, na tone likaanguka ndani ya kopo.

*Tiii.*

"Mjomba, zima hiyo redio."

"Kuna taarifa ya habari."

"Izime!"

Alirudisha sindano mwanzo. Akaweka kidole gumba kwenye ukingo wa sahani, akaipunguza kasi kidogo zaidi, kidogo tena, hadi springi ya taipureta ikaita kwa urefu wake wa kweli, ule aliouchomelea kwa mkono wake. Sasa kila kitu kilikuwa cha uongo isipokuwa gitaa. Cherehani alikuwa amerekodi mashine ikienda polepole, kisha akairudishia kasi yake. Kwa hiyo mwangwi ulikuwa umefupishwa pamoja na noti. Kisanduku kilikuwa kilekile.

Na kwa kasi hiyo ya kweli, alimsikia mpigaji. Hakukuwa na wembe wowote. Palikuwa na mtu anayepapasa njia. Noti zilikuja moja moja, kama mtu anayeshuka ngazi kwenye giza. Kwenye mstari wa tatu zilijikwaa, ukucha ukagonga uzi mahali ambapo kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi kilipaswa kugonga, halafu pumzi ya mtu ikasikika karibu na maikrofoni, halafu akaanza tena. Kwa kasi ya santuri, kujikwaa huko ndiko watu walikokuita ufundi.

Fundi aliukumbuka mkono mfukoni.

Mjomba alikuwa amesimama nyuma yake. Hakuelewa alichokisikia, lakini alimwelewa mpwa wake. "Nenda," alisema. "Mkanda nitaufunga mimi."

Cherehani alifungua mlango kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amekonda. Shati lake halikupigwa pasi.

"Nionyeshe mkono," alisema Fundi.

"Karibu ndani kwanza."

"Mkono."

Waliketi kwenye kitanda cha mdogo wake. Fundi alimpa gitaa lililokuwa limefunikwa shuka, na kile kipande cha plastiki. Cherehani alivipokea kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi. Kabla hajagusa uzi, vidole viwili vya mwisho vilijikunja, kisha cha kati, hadi mkono wote ukajifunga kama buibui aliyeguswa na moto. Alivuta pumzi. Aliweka gitaa chini. Mkono ukafunguka, ukaokota kikombe, ukamimina maji bila kumwaga tone.

"Unaona? Naweza kufunga vifungo. Naweza kuandika. Ni kitu kimoja tu siwezi. Yule mwanamke ni mtaalamu wa mikono. Anasema kichwa kimechoka na ule mwendo mmoja, kimeukataa. Hakuna dawa. Polepole naweza kidogo, na siku hizi hata hiyo polepole inapungua."

"Na ukaona bora uwe mhuni."

"Mhuni unamchukia unasonga mbele. Mgonjwa unamhurumia unakaa naye, unazeeka unamshikia gitaa."

"Nani amekuambia ninakuhurumia?" Sauti yake ilitetemeka kwa mara ya kwanza. "Nina hasira ambazo sijui niziweke wapi. Nimekaa miezi nikimchukia mwanamke anayekukanda vidole! Hata sura yake siijui, nimempa mimi mwenyewe. Nimempa nywele ndefu!"

"Zake ni fupi."

"Nyamaza."

Nje, mtu alikuwa akiburuta ndoo kwenye saruji.

"Uliniacha nihukumu kwa masikio yangu," Fundi alisema, taratibu sasa, "ukijua yamekosea. Masikio yangu ndiyo kazi yangu. Hilo sijalisamehe. Ninakuambia mapema."

"Sawa."

"Barua ya kujitoa haijaandikwa. Tutakwenda."

"Kupiga nini, mpenzi? Umeuona mkono."

"Tutapiga kwa kasi yako. Kwa mkupuo mmoja, wote watatu. Ile ndiyo sheria, na imepumzika vya kutosha."

Waliiona bahari asubuhi ya tamasha. Ilikuwa ya kijivu, na ilikuwa na harufu ambayo hakuna aliyewaambia. Walisimama kwenye mchanga na viatu vyao vya mjini, wakasikiliza kwa muda mrefu.

"Haifanani," alisema mpiga dramu.

"Haifanani kabisa," alisema Cherehani. "Miaka yote hii tulikuwa tunapiga springi."

Walipanda jukwaani alasiri. Fundi alivaa gauni jekundu lililokuwa limeshonwa kwa ajili ya harusi. Halikuwa na kazi nyingine. Watu walikuwa wengi, mashati yamefunguliwa vifua, na walikuja kusikia gitaa la kasi la santuri ya tatu, kwa maana nakala chache zilikuwa zimewafikia. Cherehani alianza. Noti zilitoka moja moja, na Fundi alizipokea kwa chini, akizisubiri, bila kutikisika. Kwa mstari mmoja ulikuwa muziki mzuri, wa huzuni, ambao hakuna aliyeuomba. Watu walitazamana. Wengine walianza kupiga miluzi. Wa nyuma waligeuka kwenda kutafuta kivuli.

Kwenye mstari wa tatu mkono ulijifunga. Kipande cha plastiki kilianguka kikapotea kati ya mbao za jukwaa. Besi na dramu ziliendelea, zikizunguka mahali pale pale, zikimshikia nafasi. Alijaribu kwa ukucha. Alijaribu kwa dole gumba. Kisha mikono yake yote miwili ikaning'inia.

"Mwimbaji yuko wapi?" mtu alipaza sauti kutoka umati.

Mpiga dramu, kwa mara ya kwanza, hakuwa na jibu.

Cherehani alimtazama Fundi. Halafu akageuka, akainua mguu, akakipiga kisanduku teke.

Springi zote tatu ziligongana mara moja. Radi ilipasuka kwenye spika kubwa kama nyumba, ikapita juu ya mchanga, na watu wa mbele wakajitupa chini wakishika vichwa. Muuza soda aliacha sanduku lake akakimbilia majini. Fundi, mkono ukiwa bado juu ya nyuzi, alicheka kama alivyocheka siku ile ya nyanya, na machozi yakimtoka, na hakuacha kupiga hadi springi mbili za kwanza zilipotulia.

Ya tatu iliendelea peke yake. Waliisubiri hadi ikaisha.

Hakuna aliyepiga makofi. Hiyo ilikuwa sauti ya mwisho ya Povu, na kwenye magazeti ya muziki walipewa sentensi moja, isiyo nzuri.

Nyuma ya jukwaa, mpiga dramu alianza kukunja nyaya. Cherehani aliketi juu ya kisanduku. Fundi alipiga magoti mbele yake, gauni jekundu likafagia vumbi, akatoa kutoka kwenye pochi pete ya uzi wa besi na koleo.

"Lete."

Cherehani alitoa mkono wa kushoto.

"Huo sio."

"Ule unasumbuka nayo."

"Hauna tena kazi ya kusumbuliwa," alisema Fundi, akaushika mkono wa kulia, ambao ulikuwa umefunguka na kutulia kabisa, akakivisha kidole na kuibana pete kwa koleo, taratibu, asije akamchoma.